Hassan Fathy, Msanifu Aliyejenga kwa Udongo

Mtu akitaja nyumba ya kisasa, wengi wetu hufikiri mara moja juu ya saruji, chuma, vioo na mabati. Nyumba ya udongo huhesabiwa kuwa nyumba ya mtu asiye na uwezo, nayo hubomolewa mara tu mwenyewe apatapo fedha. Hassan Fathy wa Misri alijifunza elimu yote ya saruji na chuma, kisha akatumia zaidi ya miaka arobaini kuonyesha ya kuwa udongo, ukijengwa kwa akili, waweza kumpa mtu nyumba imara, nzuri, isiyo ghali, na yenye ubaridi wakati wa jua kali bila ya mashine yo yote. Kazi yake iliyo mashuhuri kuliko zote haikumalizika. Hata hivyo, mambo aliyoyapima na kuyaandika yanasomwa leo katika vyuo vya ujenzi vya nchi nyingi, kwani sasa ulimwengu mzima unatafuta njia ya kujenga bila ya kuteketeza makaa, mafuta na umeme mwingi. Kwa hiyo inafaa nasi tuyajue maisha yake.

UTOTO NA MASOMO

Hassan Fathy alizaliwa tarehe 23 Machi, 1900, katika mji wa bandari wa Alexandria. Wazazi wake walikuwa watu wenye uwezo, nao walikuwa na mashamba. Baba yake hakupenda maisha ya shamba hata kidogo. Kwake yeye shamba lilikuwa ni mahali pa nzi na matope, na watoto wake hawakupelekwa huko. Mama yake alikuwa kinyume. Alipokuwa mtoto alikaa shamba, naye alizoea kuwasimulia wanawe habari za wanyama, mimea na maji safi ya huko. Basi kijana Hassan alikua akiwa na picha mbili za shamba, moja ya kuchukiza na moja ya kupendeza, na yeye mwenyewe hajaliona.

Alipomaliza shule alitaka kuwa bwana shamba. Alikwenda kujaribu kuingia katika chuo cha kilimo, lakini alipoulizwa maswali juu ya mimea hakuweza kuyajibu sawasawa, kwa maana hakuwahi kuishika kwa mikono yake. Alikataliwa. Ndipo akajiunga na masomo ya usanifu wa majumba, katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Cairo, akahitimu mwaka 1926.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika idara ya serikali iliyosimamia mabaraza ya miji. Alitumwa katika mji mdogo wa Talkha, kaskazini ya Misri, kusimamia ujenzi wa shule. Hapo aliona uchafu na ufukara ambao hakuwahi kuuona nyumbani kwao. Baadaye, alipolizuru shamba moja la jamaa zake, aliona vibanda vya wafanyakazi: vifupi, vyenye giza, visivyo na hewa. Jambo hili lilimsumbua sana, kwani wale walikuwa ni watu walioilisha familia yake.

Fathy alifikiri hivi. Mkulima wa Misri hana fedha za kununua saruji na chuma, wala hakuna dalili kuwa atazipata upesi. Lakini udongo uko mlangoni pake, na jua la kuukausha ni la bure. Vibanda vile havikuwa vibaya kwa sababu ya udongo wenyewe. Vilikuwa vibaya kwa sababu hakuna msanifu aliyefikiri juu yake. Tangu mwaka 1930 alifundisha katika chuo cha sanaa mjini Cairo, na mwaka 1937 aliwaonyesha watu michoro yake ya nyumba za shamba za kujengwa kwa matofali ya udongo yasiyochomwa.

PAA LILILOANGUKA

Vita Kuu ya Pili vilipoanza, chuma na mbao vikawa adimu katika Misri, na bei yake ikapanda. Mwaka 1941 Fathy alipewa kazi ya kujenga nyumba kwenye shamba la majaribio la Bahtim, karibu na Cairo. Kuta hazikumpa taabu. Matofali ya udongo na nyasi zilizokatwakatwa yalifinyangwa katika kalibu, yakaanikwa juani, yakajengwa. Taabu ilikuwa ni paa. Paa lahitaji boriti, na boriti hakuna.

Alijua ya kuwa watu wa kale walijenga mapaa ya matofali matupu yaliyopinda kama mgongo wa ngalawa iliyopinduliwa. Paa la namna hii huitwa tao. Nguvu yake ni kwamba kila tofali hulibana jenzake, na uzito wote hushuka katika kuta, basi halihitaji boriti. Lakini waashi wa siku zile hawakujua kulijenga tao ila kwa kuweka kwanza kiunzi cha mbao chini yake, mpaka likauke. Nazo mbao ndizo zilizokosekana! Fathy na waashi wake walijaribu kujenga pasipo kiunzi. Likaanguka. Wakajaribu tena, likaanguka tena.

Ndugu yake Fathy alikuwa akifanya kazi katika bwawa la Aswan, kusini ya nchi. Aliposikia habari hiyo alimwambia ya kuwa Wanubi wa huko huezeka nyumba na misikiti yao kwa matao ya udongo, wala hawatumii kiunzi cho chote. Fathy alifunga safari mara moja.

WAASHI WA ASWAN

Katika kijiji cha Gharb Aswan, ng'ambo ya magharibi ya mto Nile, aliona jambo alilokuwa akilitafuta: kijiji kizima cha nyumba refu, safi, zilizopakwa rangi, zenye mapaa ya tao. Watu waliozijenga hawakupata kusoma katika chuo cho chote. Aliwatafuta waashi, akawaomba wamwonyeshe kazi yao.

Waashi hao huanza kwa kuujenga ukuta mmoja wa mwisho wa chumba juu kupita kuta nyingine. Juu ya ukuta huo hupaka udongo, wakalichonga umbo la tao kwa tezo na kwa macho tu, bila ya kamba wala kipimo. Kisha huanza kuyaweka matofali kwa kuyalaza kidogo kuuegemea ukuta ule, safu moja baada ya nyingine, kila safu ikiilalia iliyotangulia. Matofali ya kazi hii ni mepesi, unene wake kiasi cha sentimeta 5, kwani hutiwa nyasi nyingi. Tena hukwaruzwa kwa vidole yakiwa mabichi, ili yapate kunata upesi. Tofali haliwezi kuanguka kwa sababu limelala na limeshikwa na udongo. Waashi wawili waweza kuliezeka hivyo chumba cha mita 3 kwa 4 katika siku moja na nusu.

Je, mapaa hayo hudumu? Jibu Fathy alilikuta Luxor. Nyuma ya hekalu la Mfalme Ramesses wa Pili zipo ghala za nafaka zenye matao ya udongo yaliyojengwa kwa namna ile ile, nazo bado zimesimama baada ya miaka zaidi ya 3,200. Fathy aliwachukua waashi wa Aswan mpaka Bahtim, na safari hii mapaa hayakuanguka.

GOURNA MPYA

Ng'ambo ya Luxor, juu ya kilima chenye makaburi ya wakuu wa Misri ya kale, palikuwa na vijiji vitano vilivyoitwa kwa pamoja Gourna, vyenye watu kiasi cha 7,000. Nyumba zilisimama juu ya makaburi yenyewe, na wako waliopata riziki kwa kuchimba usiku na kuuza vitu vya thamani walivyovikuta humo. Wizi ulipozidi, serikali iliamua kuwahamisha watu wote na kuwajengea kijiji kipya bondeni. Mwaka 1945 Idara ya Mambo ya Kale ilimpa Hassan Fathy kazi hiyo. Hapo alikuwa na umri wa miaka 45, akaona ya kuwa sasa amepata nafasi ya kuionyesha nchi nzima namna mkulima awezavyo kupata nyumba bora kwa gharama ndogo.

Aliifanya kazi kwa moyo wote. Hakutaka nyumba zote zifanane kama visanduku. Kila jamaa alitaka kuipangia kulingana na idadi ya watu wake na mifugo yake. Kila nyumba ilikuwa na ua wa ndani, na vyumba viliuelekea ua huo, ili hewa ya usiku iliyo baridi ikae humo mpaka asubuhi. Alijenga msikiti, soko, shule, ukumbi wa michezo na nyumba ya wageni, vyote kwa udongo. Juu ya baadhi ya vyumba aliweka minara ya kunasa upepo, yaani mabomba mapana ya matofali yaliyofunguka upande utokao upepo, yakauteremsha upepo huo hadi ndani. Waashi wa Aswan walifundisha vijana wa mahali pale.

Lakini mambo yaliharibika kwa pande mbili. Upande wa kwanza ni serikali. Fedha zilichelewa, vibali vilichelewa, hata nyasi za kutilia matofali zilichelewa. Upande wa pili ni watu wenyewe. Wengi wa Gourna hawakutaka kuhama. Kilimani ndiko kwenye wageni waliokuja kutazama makaburi, na ndiko kwenye riziki yao, halali na haramu. Tena inasemekana wako walioona ya kuwa kuba ni ya kujengwa juu ya kaburi la mtu mtakatifu, si juu ya kitanda cha mtu aliye hai. Nao wako waliotamani nyumba za zege kama za mjini. Hata ikatokea kwamba tuta lililokizuia kijiji kipya na maji ya mto lilikatwa kwa makusudi ili kijiji kigharikishwe, na Fathy na watu wake wakapigana na maji hayo kukiokoa.

Mnamo mwaka 1948 kazi ilisimama, na sehemu kubwa ya kijiji ilikuwa haijajengwa. Watu wengi walibaki kilimani kwa miaka mingi. Ni mwishoni mwa mwaka 2006 ndipo serikali ilipoanza kuzibomoa nyumba za kilimani.

Kwa Hassan Fathy jambo hili lilikuwa pigo kubwa. Alirudi kufundisha, lakini mwaka 1957 aliiacha nchi yake, akaenda Athens, Ugiriki, kufanya kazi katika ofisi ya msanifu Constantinos Doxiadis. Alirudi Cairo mwanzoni mwa miaka ya 1960.

JARIBIO LA MWAKA 1964

Aliporudi, shauri la udongo lilikuwa bado ni shauri la maneno. Mmoja husema nyumba ya udongo ni baridi, mwingine husema ni ushamba tu. Mwaka 1964, katika uwanja wa kituo cha utafiti wa ujenzi mjini Cairo, vilijengwa vyumba vidogo vya mfano kwa vifaa mbalimbali, kisha hali ya joto ikapimwa mchana na usiku. Hapa tutataja vyumba viwili tu. Kimoja kilikuwa cha matofali ya udongo, kuta zake unene wa sentimeta 50, na paa lake la udongo pia. Cha pili kilikuwa cha mabamba ya zege yaliyotengenezwa kiwandani, kuta na paa unene wa sentimeta 10.

Katika siku moja ya mwezi wa Machi, joto ndani ya chumba cha udongo lilikaa kati ya digrii 21 na 23 za sentigredi, mchana na usiku. Halikupanda wala kushuka kupita digrii 2. Ndani ya chumba cha zege joto lilipanda mpaka digrii 36. Yaani lilipita joto la chumba cha udongo kwa digrii 13, na lililipita hata joto la nje kwa digrii 9. Mtu aliyekaa ndani ya chumba kile angepata nafuu kwa kutoka nje na kusimama kivulini!

Sababu yake ni rahisi kuieleza. Ukuta mnene wa udongo hupokea joto la jua polepole, nalo huchukua saa nyingi kupenya. Kabla halijafika ndani, jua limekwisha kutua, na ukuta huanza kulirudisha joto kwenye anga ya usiku. Ukuta mwembamba wa zege hupitisha joto upesi, basi saa nane mchana mwenye nyumba huwa kama yumo ndani ya tanuri. Mwenye fedha hununua mashine ya kupoza hewa na kulipa umeme kila mwezi. Asiye na fedha huvumilia.

Zaidi ya hayo, vifaa vyenyewe hula nishati kabla nyumba haijajengwa. Saruji hupikwa katika tanuri lenye joto la kiasi cha digrii 1,450, na matofali ya kuchoma huteketeza kuni nyingi. Tofali la udongo lililoanikwa juani halili hata ukuni mmoja. Siku hizi wataalamu hukadiria ya kuwa utengenezaji wa saruji hutoa kiasi cha asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa itokanayo na kazi za wanadamu. Fathy alianza kusema habari za udongo kabla watu wengi hawajaanza kuihesabu hewa hiyo.

MIAKA YA MWISHO

Mwaka 1967 alianza kujenga kijiji kingine, Baris Mpya, katika jangwa la Kharga. Humo alijenga soko lenye minara ya kunasa upepo juu ya ghala za chini, ili mboga na matunda yasiharibike kabla ya kuchukuliwa mjini. Ghala hizo zilikuwa na ubaridi mwingi kuliko nje, pasipo umeme. Lakini mwezi wa Juni mwaka ule ule vita vilizuka kati ya Misri na Israeli, na kazi ikasimama.

Basi akaandika. Mwaka 1969 alitoa kitabu juu ya habari za Gourna, akieleza wazi mambo yaliyofanikiwa na yaliyoshindikana. Mwaka 1973 kitabu hicho kilipigwa chapa tena Chicago, kikasomwa na wanafunzi wa usanifu duniani kote. Mwaka 1980 alipewa zawadi mbili kubwa: Tuzo ya Mwenyekiti katika Tuzo za Aga Khan za Usanifu, na tuzo ya Right Livelihood ya Sweden. Miaka hiyo alikwenda pia na waashi Wanubi hadi jimbo la New Mexico, Marekani, kujenga msikiti wa udongo. Mwaka 1984 alipewa nishani ya dhahabu ya umoja wa wasanifu wa dunia. Alikaa katika nyumba ya zamani karibu na ngome ya Cairo, pamoja na paka wake, akiwapokea vijana waliotoka nchi mbalimbali kujifunza kwake. Alifariki tarehe 30 Novemba, 1989.

MAFUNZO KWETU

Tusimsifu kupita kiasi. Nyumba nyingi alizozimaliza zilikuwa za watu wenye uwezo, wala si za wakulima aliotaka kuwasaidia. Gourna Mpya yenyewe imepata hasara: maji ya chini ya ardhi yenye chumvi yalipanda na kuzila kuta, na wenyeji wengine walibomoa nyumba za udongo wakajenga za zege. Mwaka 2010 kijiji kiliwekwa katika orodha ya dunia ya majengo yaliyo hatarini. Udongo hauna nguvu mbele ya maji. Wataka msingi mzuri, paa lenye kinga, na mtu wa kuukandika tena kila unapomomonyoka. Kwetu, penye masika, jambo hilo ni kubwa kuliko Misri.

Kwa hiyo kuiga kuba za Aswan si lazima. Lililo la lazima ni kuuliza maswali aliyouliza Fathy: kifaa gani kipo karibu, kinatumia nishati kiasi gani, kinapitisha joto namna gani, na je, watu watakaokaa humo wanakitaka? Swali hilo la mwisho ndilo lililomshinda Gourna. Katika Tanzania wataalamu wa nyumba bora wamefundisha kwa miaka mingi namna ya kutengeneza matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono kwa udongo na saruji kidogo, bila ya kuchomwa. Ni njia ya kati, nayo yafaa ichunguzwe.

Mwanafunzi aliye na kipimajoto aweza kuanza leo. Achague chumba kimoja cha kuta nyembamba na paa la bati, na kimoja cha kuta nene za udongo. Apime joto saa moja asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku, kwa muda wa juma zima, na aziandike hesabu zake katika daftari. Kisha azipeleke kwa mwalimu wake wa fizikia.